Surau ilianguka juu ya nani?

Bandugu, wengi wanaosoma « Robohnya Surau Kami », hadisi ya A. A. Navis katika kitabu chake cha 1956, wanatoka na jibu moja: tupunguze sala, tufanye kazi. Mimi nakataa.

Surau ni kanyumba ka sala ka kijiji, huku ni Sumatra. Mzee anayeilinda anasimuliwa na Ajo Sidi kisa cha Haji Saleh: alisali maisha yote, Mungu akamtupa motoni juu aliacha watoto wake katika umaskini. Mzee anavunjika moyo, anajiua.

Kisa kinachekesha, na kina ukweli mwingi, hata kwetu. Lakini huyu mzee iko na kazi! Ananoa visu vya kijiji. Wanawake wanamlipa pilipili ya kusaga, wanaume sigara, wengi asante tu. Uvivu iko wapi hapo?

Navis anajua. Mwishoni Ajo Sidi anaagiza mzee anunuliwe sanda, halafu anaenda zake kazini. Kazini! Na surau? Watoto wanacheza mule, usiku wanawake wanabandua mbao wapate kuni. Kazi ya mzee, hakuna aliyeichukua.