Bati Lisilonguruma

Kasha la kompyuta hugongwa kabla ya kulipiwa. Mnunuzi anayejua anachotafuta hukunja kidole, akagonga ubavu wake, akatega sikio, kama mama anayechagua chungu sokoni. Bati jembamba hulia kwa ukali na kuendelea kutetemeka. Bati nene hutoa mlio mmoja mfupi, basi. Wauzaji wa Barabara ya Sokoine hapa Arusha wamezoea wateja wanaouliza taa za rangi na kioo cha pembeni, kwa hiyo kugonga huku huwashangaza. "Mkuu, hiyo ni CPU, siyo ngoma," aliniambia mmoja wao. Nikacheka naye, kisha nikagonga la pili.

Nataka kuisifu kazi hii ya kutafuta kasha la bei nafuu lisilopiga kelele, kwa kuwa sijasikia anayeisifu. Mtu anapojiundia kompyuta nyumbani, pesa na maringo yake huishia kwenye prosesa, RAM na kadi ya picha. Kasha hununuliwa mwisho, kwa chenji. Ilhali ndilo litakaloishi muda mrefu kuliko vyote vilivyomo ndani yake: vipimo vya ATX, ambavyo Intel ilivitoa mwaka 1995, ndivyo vinavyotumika hadi leo, hivyo kasha la miaka ishirini iliyopita linaweza kupokea mazabodi iliyotoka kiwandani juzi bila kutobolewa tundu jipya. Hakuna prosesa inayoweza kujivunia hilo.

Unafuu ndio kazi yenyewe. Kasha ni hewa iliyozungushiwa bati, na hewa hiyo inalipiwa nauli. Mzigo wa meli kutoka Guangzhou hutozwa kwa ujazo, kwa CBM kama wanavyosema mawakala wa Kariakoo, na boksi la sentimita 50 kwa 50 kwa 25 huingia mara 16 tu katika mita moja ya ujazo. Kisha kuna zaidi ya kilomita 600 za barabara kutoka Dar es Salaam hadi huku. Mfanyabiashara mwenye akili ataagiza simu. Akiagiza makasha, atachukua mepesi, ambayo bati lake halizidi sana lile la geji 28 tunaloezekea nyumba. Makasha ya kimya ya kampuni kama Fractal Design ya Uswidi, yenye mbavu nzito zilizobandikwa tabaka la kuzuia mtetemo, yanaweza kukugharimu kama kompyuta nzima ya mtumba.

Ndiyo, kuna hizo za mtumba. OptiPlex za Dell na ndugu zake za HP, zilizostaafu maofisini Ulaya, ni tulivu kwelikweli. Waliozisanifu walijua zingekaa chini ya meza za watu wanaoongea na simu. Lakini ukilitoa utumbo kasha lake utumie lenyewe, mara nyingi unakuta matundu ya skrubu hayalingani na mazabodi ya kawaida, pawa saplai ina umbo lake, na waya wa swichi ya mbele una soketi isiyojulikana kwingine. Ninunuapo mimi hupendelea kasha la ATX lililochakaa rangi, zito, lisilo na kioo, la zama ambazo chuma hakikuwa kinabaniwa hivi. Antec Sonata ya mwaka 2003 ilikuwa ya namna hiyo: nyeusi ya kung'aa, feni pana ya nyuma, na mipira laini chini ya diski. Ukiikuta kwenye lundo la vyuma chakavu usiiache, hata kama mlango wake umevunjika.

Kelele yenyewe ina hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niipende kazi hii. Kiasi cha hewa kinachosukumwa na feni huenda sambamba na mwendo wake, lakini kelele hupanda karibu kwa kipeo cha tano cha mwendo huo. Punguza mwendo kwa nusu, hewa itapungua kwa nusu, na kelele itashuka kama desibeli 15. Sikio huhesabu desibeli 10 kuwa ni nusu ya sauti. Sasa ongeza feni ya pili inayofanana nayo, nayo izunguke polepole: hewa yako imerudi yote, na umelipa desibeli 3 tu. Ndiyo maana kasha lenye nafasi ya feni mbili za milimita 120 lina thamani kuliko lenye feni moja ndogo ya milimita 80 inayokimbia hadi kulia mluzi. Zamani mafundi walipunguza mwendo kwa kuunga feni kati ya waya wa njano wa volti 12 na mwekundu wa volti 5, ikapata 7. Siku hizi mazabodi hufanya kazi hiyo yenyewe, ila ule ujanja haujasahaulika.

Arusha ina masharti yake. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, mahali ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 95, na hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Feni ikisukuma ujazo uleule hapa, inabeba joto pungufu. Wapo wanaoishia hapo na kununua feni za kasi. Wanasahau ubaridi wa Mlima Meru. Prosesa ikiwa kwenye nyuzi 70 na chumba cha Dar kikiwa kwenye 32, tofauti ni nyuzi 38. Hapa chumba kikiwa kwenye 22, tofauti ni 48. Piga hesabu hizo mbili pamoja utaona mlima umetulipa fidia, na chenji ikabaki kidogo. Mtu wa Ilboru au Sakina anaweza kuendesha feni zake polepole kuliko mtu wa Sinza mwenye kompyuta ileile. Julai, Wanaarusha wanapovaa makoti ndani ya nyumba, kompyuta inafurahi zaidi.

Deni letu tunalilipa kwa vumbi. Kuanzia Julai hadi mvua za vuli, barabara za mitaani hutoa vumbi laini la udongo wa volkano, upepo wa Kisongo huongeza lake, na yote hupenya kila upenyo. Vumbi likijaa kwenye mapezi ya kipoozi, joto hupanda, feni hukimbilia juu, na kimya chako kimekwisha. Dawa ni kuhakikisha feni za kuingiza hewa zina nguvu kuliko ya kutoa, ili hewa ya ziada itokee kwenye nyufa badala ya vumbi kuingilia humo, na njia ya kuingilia ifunikwe kwa kitambaa. Soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye fremu hufanya kazi vizuri. Wavu wa mbu una matundu makubwa mno kwa vumbi letu, ingawa utazuia mende, ambao wanapenda joto la mazabodi kuliko mgeni yeyote. Nafasi tupu za kadi kule nyuma zizibwe kwa vipande vya bati.

Hapo ndipo unapomhitaji fundi bati. Makasha mengi ya bei ya chini yana uso uliofungwa kwa pambo la plastiki, na feni ya mbele inavuta hewa kupitia vitundu vinavyofanana na vya kopo la chumvi. Hewa ikilazimishwa kupita hapo huzomea, hata feni ikiwa nzuri. Inabidi vitundu vile vikatwe, libaki duara moja wazi. Unavua kila kitu kwanza, mazabodi, pawa saplai, nyaya, kwa kuwa chembe za chuma zikibaki ndani zitaunguza mashine siku ya kuiwasha. Fundi niliyempelekea kazi hii kule Unga Limited alikuwa anamalizia jiko la mkaa. Aliligeuza kasha mara mbili, akachora duara kwa bikari, akatoboa tundu la kuanzia, kisha akaingiza mkasi wa bati na kulifuata duara kwa vipande vifupi vifupi, akilizungusha kasha badala ya mkono wake. Bati halikupinda popote. Akalainisha ukingo kwa tupa mpaka nikapitisha kidole bila woga. Halafu, bila kuombwa, akakata utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaupasua katikati na kuuvisha ukingo wote. Tyubu hiyohiyo ilitoa vishikizo vinne vya kuweka kati ya feni na bati, ili mtetemo ufie kwenye mpira. Madukani mipira hiyo huuzwa ndani ya pakiti. Yeye alinitoza duara peke yake, na ilibidi nibishane naye ili achukue zaidi.

Ukarabati wa aina hii una mipaka. Sponji la godoro, ambalo wengi hulijaza ndani wakidhani linameza kelele, linazuia hewa na linashika moto kirahisi; liache kitandani. Kinachosaidia ubavu unaotetemeka ni uzito uliobandikwa juu yake, na kipande cha utepe wa lami wa kuzibia paa kinatosha.

Kimya hiki ni cha nani, katika jiji la bodaboda, spika za mahubiri na majogoo wasiojua saa? Ni cha mtu wa usiku. Arusha ni mji wa rapu: kundi la X Plastaz lililoundwa hapa mwaka 1996 lilichanganya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai, na baadaye wakaja akina Joh Makini na Weusi. Leo chipukizi anarekodi chumbani, kompyuta ikiwa hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti. Atamsubiri jogoo anyamaze. Feni haimsubiri, inaingia chini ya kila mstari wa sauti yake, na programu ya kuifuta inaondoka na sehemu ya koo lake.

Shida ni kupata mahali pa kulisikiliza kasha kabla ya kununua. Katikati ya mchana mjini, hata mashine inayonguruma inaonekana bubu, na muuzaji analijua hilo. Mimi huenda asubuhi, kabla spika za maduka hazijawashwa, nikaomba umeme na dakika chache. "Kaka, hata kufagia bado," wananiambia. Nawaambia wafagie tu, ila feni ya dukani waizime kwanza.