Wakili na Pindo la Khanga

Rafiki yangu mmoja ni wakili. Zamani alikuwa akiandika LinkedIn mara moja kwa mwezi, tena kwa taabu. Andiko lake moja silisahau: mjane kafika mahakamani, hati ya shamba kaifunga kwenye pindo la khanga, wino umefifia kwa jasho. Aya tatu tu, makosa ya tahajia mawili. Nililisoma mara mbili.

Novemba 2022 ikatoka ChatGPT. 2023 LinkedIn yenyewe ikaanza kujaribu chombo cha kuwaandikia watumiaji wake. Siku hizi jamaa anatoa andiko kila asubuhi, dakika mbili kazi kwisha. Makosa hakuna. Mjane naye hakuna! Eti “Mirathi ni safari”, eti “mambo matano ya kuzingatia”. Badili neno moja tu, hata daktari wa meno angetia sahihi yake.

Simlaumu kwa kutafuta wepesi, mwenye kesi nne kwa siku muda ataupata wapi? Mashine na imsahihishie. Lakini lile pindo la khanga aliliona yeye, asipolitaja halitajwi.

Juzi nilimuuliza kesi ya yule mama imefikia wapi. Kumbe alishinda, tangu mwaka jana. Hakuandika.