Kumtambua Fundi wa Injini Kongwe

Fundi wa injini hupimwa kabla hajashika spana. Mpelekee Premio au Corolla iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwambie inakula oili, kisha msikilize. Wa kawaida atakujibu papo hapo: “Ringi hizo, tufungue.” Mjuzi atakurudishia maswali. Moshi unatoka saa ngapi: asubuhi ukiwasha, au ukikanyaga mafuta mlimani? Unaongeza oili kiasi gani, baada ya kilomita ngapi? Maji ya rejeta nayo yanapungua?

Maswali hayo yana thamani ya fedha. Moshi wa buluu unaotoka kidogo asubuhi kisha ukakatika mara nyingi ni sili za valvu zilizokakamaa. Usiku kucha oili imechuruzika kwenye shina la valvu. Hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi wa buluu unaoendelea kila ukikanyaga mafuta ndio unaoelekeza kwenye ringi. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta yanayopenya ndani na kuungua, ila usiuchanganye na mvuke wa alfajiri, ambao penye baridi kama Makambako au Limuru kila gari huutoa.

Baada ya maswali, plagi. Fundi mzuri huzitoa zote na kuzipanga kwa mfuatano wa silinda, maana plagi moja iliyolowa oili kando ya tatu zenye rangi ya kahawia hafifu imeshakutajia silinda mgonjwa. Halafu ifuate geji ya kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote ziwe nje, petroli ikatwe, akseleta ikanyagwe hadi chini na betri iwe na nguvu. Namba yenyewe ni muhimu, lakini tofauti kati ya silinda moja na nyingine inasema zaidi. Kwa injini nyingi za petroli za Toyota, ikizidi psi 14 hivi kuna jambo. Silinda iliyo chini hutiwa oili kidogo na kupimwa upya. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki palepale, shaka ihamie kwenye valvu au gasketi ya hedi. Geji hii si kifaa cha bei kubwa. Fundi asiye nayo, na bado yuko tayari kushusha injini yako kwa kusikiliza tu, mimi simpi ufunguo.

Kuna pia kuijua injini kwa ukoo wake. Toyota 1ZZ-FE ya cc 1,794, iliyomo kwenye Wish, Premio na Allion nyingi, ilipata sifa mbaya ya kula oili, hasa zile za miaka ya mwanzo. Matundu ya pistoni yanayorudisha oili chini yalikuwa madogo na machache. Yakiziba kwa masizi, ringi hunasa. Anayebadilisha ringi na kurudishia pistoni zilezile bila kushughulikia matundu hayo ameuza kazi nusu. Fundi anayeijua injini hiyo atakutajia pistoni kabla ya ringi.

Lakini mtihani ninaouamini kuliko yote ni gari linalochemsha. Gereji zetu zina mazoea ya kung'oa themostati na kuitupa, na mwenye gari hushukuru kwa kuwa mshale umeshuka. Themostati ya Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84 hivi. Ikifunguka kabisa, upande wake wa nyuma huziba njia ya mkato ili maji yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupoa. Katika foleni ya mchana gari linachemsha tena. Asubuhi ya baridi injini haifiki joto lake, kompyuta inaongeza petroli na plagi zinakuwa nyeusi. Tatizo moja limezaa mawili. Fundi wa kweli huanza na mfuniko wa rejeta, feni, pampu ya maji, na kutu iliyojaa rejeta kwa miaka ya kutiwa maji ya bomba badala ya kulanti.

Ikibidi hedi ivuliwe, simama karibu utazame. Je, analaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na kupitisha vibamba vya kupimia chini yake? Hedi za alumini hupinda zikichemka, na kiwango cha Toyota kwa nyingi ni milimita 0.05 tu, chini ya unene wa unywele. Jicho haliwezi kuona hilo. Wakati wa kufunga, bolti huanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua. Za 1NZ-FE, ile ya Vitz na IST, hukazwa Nm 29, kisha huzungushwa nyuzi 90, kisha 90 tena. “Mkono wangu umezoea” si kipimo.

Tazama na gundi ya kuzibia viungo vya injini. Ikifurika nje ya kiungo, jua imefurika ndani pia. Vipande vyake hukatika, vikaziba chujio la kunyonyea oili, na baada ya muda injini inanoki. Kwa mkanda wa taimingi sina mengi: kama gari ni la mtumba na huna rekodi, badilisha, usiulize kilomita, kwani geji ya kilomita ndicho kitu kinachodanganya kuliko vyote ndani ya gari la mtumba.

Kabla ya kulipa, omba vipuri vyote vya zamani, hadi gasketi. Fundi bora huwa ameshaviweka kwenye boksi na ana hamu ya kukuonyesha palipokatika. Asiyekuwa navyo, usimrudishie gari.