Duka la vitu vya kale: pa kutazama kabla ya kuuliza bei

Ukiingia duka la vitu vya kale pale Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, usikimbilie kabati la kioo. Tazama sakafu. Inama kama mtu aliyeangusha ufunguo, uchungulie chini ya makasha. Ukikuta vichuguu vidogo vya unga wa mbao, laini kama unga wa mtama na rangi yake bado mbichi, ujue fukusi yumo kazini. Si aibu kwa kasha kuliwa, mti mkongwe huliwa. Aibu ni unga kukaa hapo tangu juzi na mwenye duka asiuone, kwa sababu fukusi akimaliza hapa atahamia kiti cha pembeni, na ukinunua kiti hicho unampeleka nyumbani kwako.

Wengi hudhani kazi ya duka hili ni kuokota vitu na kuvipanga. Hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kuvitunza kwenye kisiwa ambacho hewa yake ina chumvi, masika yakiingia kila kitu hutoka jasho, na ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Kwa hiyo pitisha mkono nyuma ya kabati. Likiwa limeegemezwa ukutani moja kwa moja, mkono utarudi na ukungu. Muuzaji anayejua kazi huacha nafasi ya kupita ngumi, na miguu ya makasha huipandisha juu ya vipande vya mbao. Karatasi na picha huziweka mbali na mlango, jua la alasiri lisizifikie.

Sasa kasha lenyewe, maana ndilo linaloleta wateja. Wageni huliita sanduku la Zanzibar, lakini mengi ya zamani yalitengenezwa India, Surat na Bombay na huko pwani ya Malabar, yakaja na majahazi ya kaskazi. Muuzaji akikwambia hivyo bila kuulizwa, mpe alama. Anayekuapia kwamba lilichongwa hapa hapa kwa amri ya Sultani, msikilize kwa adabu tu.

Anza na njumu. Safu za misumari ya shaba zilizopigwa kwa mkono hazinyooki kama mstari wa rula. Hupotoka kidogo, kisha hujirudi. Vichwa vya mbele, vilivyoguswa na mikono na kanga miaka yote, huwa vimelika kuliko vya pembeni. Vikiwa sawasawa pande zote, kasha hilo halijaishi na watu. Kisha shuka kwenye kufuli. Kile kipande cha shaba kinachoteremka kukutana na tumbuu, kwa kugongagonga kila siku, huacha mkwaruzo uliopinda kama mwezi mwandamo. Alama hiyo ni ngumu kuigiza, kwa sababu anayeghushi huwa na haraka.

Fungua kifuniko. Ndani, upande mmoja, utakuta kijisanduku ambamo watu waliweka dhahabu na hati zao, na pengine chini yake pana droo ya siri. Droo ikitoka kwa taabu, usiilazimishe. Baada ya hapo omba kasha ligeuzwe, na hapa ndipo duka lenyewe linapopimika. Kitako cha zamani hakikupigwa vanishi, kwa nini kipigwe? Ni ubao mkavu, mweusi, wenye mikwaruzo ya msumeno wa mkono isiyolingana. Ukiona mistari ya duara ya msumeno wa mashine, au plaiwudi, kitako si cha enzi moja na mwili. Na ukikutana na skrubu ya nyota, kumbuka kwamba Henry Phillips wa Marekani alipata hataza zake mwaka 1936. Hata hivyo skrubu moja haihukumu kasha zima. Bawaba huvunjika, na fundi hutengeneza kwa alichonacho.

Nisieleweke vibaya: kasha jipya lililochongwa vizuri na fundi wa leo ni mali. Ninalo moja nyumbani na ninalipenda. Kosa ni kulipaka rangi ya viatu, kulikwaruza kwa mnyororo, kisha kulikalisha katikati ya wazee wake kana kwamba ni rika lao.

Kwenye shaba nina kosa la kuungama. Dele la bibi yangu lilikuwa limesawijika. Nikalisugua kwa ukwaju na mchanga asubuhi nzima mpaka likang'aa kama bomba jipya, nikalipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka, nia yangu nisifiwe. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akalipokea kwa shingo. Alipitisha kidole kwenye nakshi polepole, kisha akaligeuza kitakoni.

"Mwanangu, hili umeliosha au umelichuna?"

"Nimelisafisha tu, mzee."

"Basi umesafisha na jina la aliyelifua."

Pale kitakoni palikuwa na chapa ndogo ya fundi. Imebaki kivuli. Tangu siku ile, nikiingia duka nikakuta madele, masinia na mirashi yote yanametameta kama vyombo vya harusi, roho hunisinyaa. Shaba iliyotunzwa ina weusi kwenye mashimo ya nakshi na mng'ao mahali mikono inaposhika. Ukiona ukoko mweupe wa dawa ya kung'arishia umeganda kwenye mistari, ujue kijana wa duka aliachiwa kitambaa na hakufundishwa. Beba na sumaku ndogo mfukoni. Ikinata, ndani ni chuma kilichovishwa shaba.

Bakuli la sarafu kando ya mwenye duka ni mtihani mfupi na mtamu. Humo haikosi reale ya Maria Theresa. Muulize ni ya mwaka gani. Juu yake imeandikwa 1780, lakini malkia alifariki mwaka huo, na tarehe hiyo ikaendelea kupigwa kwenye kila reale iliyofuata, mpaka za siku hizi. Anayekujibu "1780" akanyamaza, ama hajui ama anaomba wewe usijue. Pesa za shaba za Sayyid Barghash, zile zenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria, tazama anavyozishika: kwa ukingo, au anazifikicha kwa kidole gumba ili usome maandishi?

Kwenye vyombo vya udongo sitakaa sana. Mabakuli ya Maastricht, Uholanzi, yenye chapa ya Regout kitakoni, yaliletwa pwani yetu kwa wingi na bado yapo. Yagonge kwa ukucha. Zima hulia, lenye ufa hukohoa. Ninachotazama zaidi ni ufa umeelekezwa wapi. Kwenye duka baya umegeuziwa ukutani. Kwenye duka zuri unakuangalia wewe.

Ndivyo ilivyo kwa kikaratasi cha bei pia. Nimewahi kuona kimoja kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi: "Kasha, msaji, kitako kimebadilishwa, bawaba moja mpya, kufuli halina ufunguo." Maneno hayo yanapunguza bei, na ndiyo yaliyonifanya nirudi duka lile mara tatu. Kikaratasi kinachosema "miaka 200" bila neno jingine ni mapambo.

Pana vitu ambavyo vikiwepo huna haja ya kuendelea kukagua. Pembe za ndovu, ziwe bangili au mpini wa jambia, na magamba ya ng'amba: aga, utoke. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hoja ya kwamba "hii ni ya zamani" haitakusaidia uwanja wa ndege. Milango ya nakshi nayo, uliza imetoka nyumba gani na kwa ruhusa ya nani. Mlango usio na nyumba umeacha tundu mahali fulani mjini.

Ukimaliza, sema bei baadaye. Kwanza mwombe mwenye duka akuonyeshe kitako cha kasha. Akivua kofia, akaita mtu wa kumsaidia kuligeuza, nunua kwake, hata kama siku hiyo utaondoka na finjani moja tu.