Siku moja kati ya Modena na Bologna: makumbusho ya magari yanasema nini, yananyamaza nini?

Vijana wengi wanaopenda magari ya mbio wako na siku yao ya ndoto, na mara mingi siku ile iko Italia, mu jimbo la Emilia-Romagna. Kutoka Modena kufika Bologna ni kilomita karibu 40 tu. Mu nafasi ile ndogo kuko Ferrari, Lamborghini na Ducati, na kila moja iko na makumbusho yake. Mtu akiamka mapema anaweza kuyazunguka yote kwa siku moja, hata kama mbiombio. Viza na tiketi ya ndege tuviache kwanza pembeni. Leo nataka tuyasome makumbusho haya namna tunasoma kitabu: nani anasimulia, anasimulia nini, na ukurasa gani anauruka?

Anayesimulia ni kiwanda chenyewe. Njo jambo la kwanza la kukumbuka. Hakuna anayejua habari za Ferrari kuliko Ferrari, lakini Ferrari pia inauza magari. Mtu anayejisimulia mwenyewe huku anauza, tumusikilize vizuri, lakini tusimusikilize kwa kulala.

Tuanzie Modena. Enzo Ferrari alizaliwa pale mwaka 1898, na baba yake alikuwa na karakana ya vyuma. Karakana ile ingali imesimama. Pembeni yake, mwaka 2012, kulifunguliwa jengo jipya lenye paa la manjano, rangi ya mji wa Modena, lililochorwa na Jan Kaplický, ambaye alikufa kabla halijaisha. Ndani ni weupe mutupu: magari yanapangwa kama nguo za bei kali mu duka, na sinema ya maisha ya Enzo inaonyeshwa ku kuta. Ni kizuri kabisa. Lakini kwa mwanafunzi wa politekniki, mimi naona karakana ya zamani inashinda. Mule kumewekwa injini peke yake, bila bodi ya gari. Bodi inakufanya utamani. Injini inakufanya uulize. Makumbusho mazuri ni yale yanayokuacha na maulizo.

Kutoka pale mpaka Maranello ni karibu kilomita 18. Enzo alihamishia kiwanda kule mwaka 1943, wakati wa vita, na mwaka 1947 kikatoka gari la kwanza lenye jina lake, 125 S. Makumbusho ya kule iko na chumba cha ushindi: magari ya Formula 1 yamezunguka nusu duara, na ukuta umejaa vikombe kutoka chini mpaka juu. Watu wengi wanapigia picha pale. Na pale njo penye kesi yangu.

Tarehe 12 Mei 1957, mu mashindano ya Mille Miglia yaliyokuwa yanapita mu barabara za watu, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo. Alikufa yeye na mwenzake Edmund Nelson. Walikufa pia watu 9 waliokuwa wamesimama kando ya barabara kutazama, na 5 kati yao walikuwa watoto. Mashindano yale, kwa namna ile ya zamani, yaliishia pale. Enzo Ferrari alishitakiwa juu ya yale matairi, na mwaka 1961 korti ikamwachilia. Sisemi tumuhukumu upya. Nasema ukuta wa vikombe, hata ukiwa mrefu namna gani, hauwezi kubeba habari ya namna hii. Kikombe kinajua neno moja tu: nilishinda. Kama chumba kikubwa kuliko vyote ni cha vikombe, mgeni anatoka akifikiri mwendo wa kasi ulikuwa bure, haukulipiwa na mtu. Hata pikipiki zinazotubeba sisi kila siku zinatufundisha kwamba kasi inalipiwa, na mara mingi anayelipa ni yule aliyesimama tu kando ya barabara.

Lamborghini, ku Sant'Agata Bolognese, tutapita haraka kidogo. Miura ya mwaka 1966, yenye injini ya silinda 12 iliyolazwa kwa upana nyuma ya dereva, inastahili kuangaliwa pole pole. Lakini hadithi yenyewe ilianza mu shamba. Ferruccio Lamborghini, mtoto wa wakulima, baada ya vita alichukua vipande vya magari ya jeshi vilivyobaki na akaunda trakta. Kampuni ya trakta ni ya mwaka 1948. Ya magari ni ya 1963. Utasikia kwamba alianza magari juu Enzo Ferrari alimudharau siku alipolalamikia klachi. Hadithi ile inasimuliwa kwa namna mingi, kila mtu na yake. Inauza vizuri, lakini inafunika jambo la maana zaidi: trakta njo zilimupa pesa na ujuzi. Mwenye nafasi apite pia Funo di Argelato, ku makumbusho ya familia yake, kwenye trakta zenyewe. Ukiziona zile, Miura haitakuwa tena muujiza ulioanguka kutoka mbinguni.

Kwangu mimi, mshindi wa siku ni Ducati, ku Borgo Panigale, pembeni ya Bologna. Makumbusho iko ndani ya kiwanda kinachofanya kazi mpaka leo, na inafuata miaka moja kwa moja. Mwanzoni hakuna pikipiki. Ducati ilianzishwa mwaka 1926 kutengeneza vipande vya redio. Oktoba 1944 kiwanda kilibomolewa na mabomu ya ndege. Watu walirudi ku majengo yaliyovunjika, mu nchi iliyokosa pesa na mafuta, na mwaka 1946 wakaanza kutengeneza Cucciolo: ka injini kadogo ka sentimita za ujazo 48, kanafungwa ku baiskeli ambayo mtu iko nayo tayari. Jina lake maana yake mtoto wa mbwa, juu ya sauti yake. Kitu kile hakishindi uzuri na chochote. Lakini simama mbele yake dakika kumi. Kinakwambia kwamba pikipiki zote nyekundu zinazofuata zilizaliwa na ulizo moja la watu masikini: mfanyakazi atafika namna gani ku kazi?

Kuko ukurasa mwingine unaotugusa sisi moja kwa moja. Magari haya yameingia mu umeme: Ferrari ilileta SF90 Stradale mwaka 2019, Lamborghini ikaleta Revuelto mwaka 2023, zote na injini ya petroli pamoja na betri ya litiamu. Si kila betri ya namna ile iko na kobalti, lakini nyingi ziko nayo, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Kibao cha gari ku makumbusho kinataja mwaka, nguvu za farasi, jina la mchoraji. Hadithi inaanzia mlangoni mwa kiwanda. Mtu wa Kolwezi angeianzia mbali zaidi.

Lakini tusiishie ku kulalamika. Ku Goma kuko sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma tshukudu. Sanamu inatoa heshima, na ni vizuri. Ila haielezi kitu. Nani anachonga gurudumu la mti, anachagua mti gani, breki inafanya kazi namna gani, mtu anabebaje kilo mamia ku mtelemko bila kufa? Tshukudu ilijibu ulizo lilelile la Cucciolo. Wale mafundi wangali hai, na sisi tuko na simu, kalamu na diploma. Ducati ilichunga kitu chake kidogo kabla hakijapotea. Sisi cha kwetu tutaanza kukiandika lini?