Sura na Sauti: Siti binti Saad na Bi Kidude Machoni pa Hadhira

1. Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za taarabu umezoea kushughulika na mambo mawili, maneno na muziki. Maneno huchambuliwa kwa vina, mizani, mafumbo na dhamira. Muziki huelezwa kwa ala zake na kwa asili yake ya Misri, ya Bara Hindi na ya mwambao wenyewe. Jambo la tatu limeachwa nyuma, nalo ni sura ya mwimbaji: jinsi anavyovaa, anavyosimama, anavyopigwa picha, na jinsi picha hiyo inavyomtangulia mbele ya hadhira kabla hajafumbua kinywa. Upungufu huu si mdogo. Mwimbaji mashuhuri ni watu wawili. Yupo mtu mwenyewe, aliyezaliwa na wazazi wake na kulelewa katika mtaa wake. Na yupo mtu wa hadharani, ambaye hutungwa na macho ya watu. Mara nyingi huyu wa pili ndiye abakiye baada ya wa kwanza kuzikwa, na ndiye afundishwaye kwa vijana.

Makala haya yanawachunguza waimbaji wawili wa Unguja, Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, na Fatuma binti Baraka, ajulikanaye zaidi kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013. Wawili hawa hulinganishwa sana, kwa kuwa Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza Siti na aliendelea kuziimba nyimbo za Siti kwa miaka mingi baada ya mwalimu wake kufa. Hoja ya makala ni kwamba sura ya msanii ni lugha, na kama lugha nyingine yoyote ina sarufi ya mahali pake. Ikichukuliwa mbali na mahali hapo husomwa visivyo. Na usomaji huo mbaya haumdhuru mwimbaji peke yake, bali huyafunika maneno aliyoyaimba.

2. Buibui na madai ya uungwana

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kwa wazazi wa ukoo wa kitumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Huko ndiko alikofunzwa uimbaji na kupata jina la Siti, ambalo kwa Kiarabu maana yake ni bibi mwenye heshima. Hivyo, hata kabla ya sura yake kutazamwa, jina lenyewe lilikuwa limekwisha kugeuzwa. Aliyeitwa Mtumwa aliitwa Bibi, na kila aliyemtaja alikuwa, apende asipende, akiushuhudia mgeuko huo.

Masimulizi ya Unguja humweleza Siti akiimba hali amejitanda. Msomaji wa leo, hasa yule aliyezoea maandishi ya Ulaya juu ya wanawake wa Kiislamu, huelekea kuiona nguo hiyo kuwa alama ya kufungwa, na kumsifu Siti kwa kuwa aliimba licha ya buibui lake. Usomaji huo haupatani na historia ya mavazi ya visiwani. Katika enzi ya utumwa mwanamke mtumwa alijulikana kwa kaniki au kwa kipande cha merikani, na kujifunika kichwa kulikuwa haki ya waungwana. Sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa hadhi ya utumwa katika Unguja na Pemba, wanawake waliokuwa watumwa, pamoja na binti zao, walianza kuvaa kanga na hatimaye buibui. Kitambaa walichonyimwa mama zao kikawa vazi lao. Kujitanda kulikuwa kudai, mbele za watu na mchana kweupe, kwamba aliyejitanda ni muungwana kama waungwana wengine.

Likisomwa hivi, buibui la Siti linafanya kazi ileile inayofanywa na jina lake. Kutoka Fumba hadi kwenye baraza za mabwana wa mjini, sura yake ilikuwa ikisema jambo moja na nyimbo zake zilikuwa zikilitilia nguvu jambo hilohilo. Mhakiki anayelivua buibui hilo ili amwone "Siti wa kweli" anaondoa nusu ya hoja ya Siti mwenyewe.

Uzuri wa uso nao una nafasi katika habari hii. Shaaban Robert, katika wasifu aliouandika, hakuficha kwamba Siti hakuhesabiwa kuwa mzuri wa sura na kwamba mahasidi wake walimkejeli kwa jambo hilo. Siti alijibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ilikuwa kwamba sura njema si hoja panapokosekana mengine. Jibu hilo linastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi. Siti hakushindana na mahasidi wake katika uwanja wa macho, ambako wao walikuwa na nguvu; aliwavuta hadi kwenye uwanja wa maneno, ambako hapakuwa na wa kumweza.

3. Sahani ya santuri

Mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Gramophone. Aliandamana na wasanii wenzake, miongoni mwao Subeti bin Ambar na Mbaruk Effandi. Rekodi hizo za awali za nyimbo za Kiswahili zilienea mwambao wote na kuingia bara, na watu wengi waliomjua Siti kwa njia hii hawakumwona kamwe kwa macho.

Walichokiona ni sahani nyeusi yenye karatasi ya duara katikati, na katika karatasi hiyo nembo ya kampuni: mbwa aliyeketi mbele ya santuri akitega sikio, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Sauti ya Bwana Wake". Ni vigumu kuitazama nembo hiyo leo bila ya kukumbuka kwamba sauti iliyokuwa ndani ya sahani ni ya mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa. Kejeli hiyo, bila shaka, ni ya msomaji. Kampuni haikuikusudia, kwani nembo hiyohiyo ilibandikwa juu ya sahani za waimbaji wa nchi nyingi. Hata hivyo inafunua ukweli mmoja. Kwa kuwa nembo haikueleza lolote juu ya Siti, msikilizaji wa Mombasa au Lamu alilazimika kumtunga Siti wake kutokana na sauti na maneno matupu. Siti wa hadharani, katika kilele cha sifa zake, alikuwa mtu aliyetungwa na sikio, wala picha haikuwa na sehemu kubwa katika kumtunga.

Matokeo yake kifasihi yaonekana katika wimbo wa "Kijiti". Wimbo huu unasimulia kisa cha mauaji ya mwanamke, ambapo mshtakiwa alitoroka na mkono wa sheria ukawaangukia mashahidi. Ni shtaka dhidi ya mahakama ya wakoloni, lililotolewa na mwanamke ambaye hakuwa na nafasi ya kusema mbele ya hakimu. Waliousikia katika santuri hawakuwa na kitu cha kutazama, kwa hiyo waliyashika maneno. Na kwa kuyashika maneno, waliishika na hukumu ya Siti juu ya mahakama hiyo.

4. Bi Kidude mbele ya kamera

Hali ya Bi Kidude ni kinyume cha hiyo. Sauti yake ilijulikana visiwani kwa muda mrefu, lakini mtu wake wa hadharani, yule ajulikanaye duniani, alitungwa katika uzee wake, na aliyemtunga ni kamera. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Mwaka 2006 filamu ya Andy Jones, As Old As My Tongue, ikaonyeshwa. Katika mabango, majalada na makala za magazeti picha zilikuwa zilezile: uso wenye mikunjo, kanga, sigara kati ya vidole, au ngoma iliyofungwa kiunoni. Mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa yakini, na kutojulikana huko kulifanywa sehemu ya taswira. Waandishi walishindana kumwongezea miaka.

Picha hizi hazikuwa za uongo. Bi Kidude alivuta sigara, alipiga ngoma, na aliacha kujitanda tangu zamani. Swali la mhakiki ni jinsi zilivyosomwa. Ng'ambo, ajuza avutaye sigara alisomwa kuwa mwasi: mwanamke mmoja aliyesimama peke yake dhidi ya dini, mila na jamii yake. Usomaji huu una shabaha katika jambo moja, kwamba aliyoyafanya wanawake wengi hawakuweza kuyafanya. Lakini unaacha kando sarufi ya mahali. Miongoni mwa Waswahili, bibi mzee ana ruhusa ambayo kijana hana. Hutaniana na wajukuu, hutaja yasiyotajika, na aibu ya maneno humwondokea kwa kadiri ya umri wake. Zaidi ya hayo, Bi Kidude alikuwa mwalimu wa unyago. Kungwi hupewa na jamii yenyewe kazi ya kuwafunza wanawali mambo ya mwili na ya ndoa waziwazi, kwa nyimbo na kwa ngoma, mahali ambapo wanaume hawaingii. Uwazi wake haukuwa uasi; ulikuwa wadhifa.

Ngoma ya kiunoni ni mfano bora zaidi. Picha yake husifiwa kwa sababu inaonyesha nguvu za mwili katika umri mkubwa. Lakini msondo ni chombo cha mafunzo, na kila pigo lina wimbo wake na kila wimbo una somo lake. Mtazamaji ameonyeshwa kitabu na mwalimu, akasifu jinsi mwalimu alivyokibeba.

Basi sura mbili zilizo kinyume kwa nje zimepatwa na mkasa mmoja. Buibui la Siti lilisomwa kuwa utumwa, nalo lilikuwa dai la uungwana. Sigara ya Bi Kidude ilisomwa kuwa uasi, nayo ilikuwa ruhusa ya uzee na ya ukungwi. Katika hali zote mbili msomaji wa mbali alimwona mtu mmoja akipigana na jamii, ambapo ilimpasa aone jamii ikisema kupitia kwa mtu mmoja.

5. Hadhira inayoonekana

Huenda ikadaiwa kwamba picha haina budi kutawala katika zama hizi, na kwamba taarabu yenyewe imekuwa siku zote sanaa ya macho: nguo, dhahabu, uturi na mapambo ya ukumbi. Dai hili ni kweli, ila linahitaji kukamilishwa. Katika taarabu macho hayamwelekei mwimbaji peke yake. Ubeti unapomgusa msikilizaji, huinuka, hucheza taratibu hadi mbele, na kumtunza mwimbaji. Watu humtazama nani ameinuka, kwa ubeti upi, na amemgeukia nani. Kanga aliyoivaa nayo ina jina lake, na jina hilo linaweza kuwa jibu kwa mtu aliyeketi pembeni. Picha kamili ya taarabu ni ya mwimbaji pamoja na hadhira, na maneno ndiyo yanayowaunganisha. Asiyeyafahamu maneno hawezi kujua kwa nini mtu ameinuka.

Hapa ndipo chanzo cha tatizo kinapopatikana. Bi Kidude alipoimba mbele ya watu wasiojua Kiswahili, kiungo hicho kilikatika. Hakuna aliyeweza kuinuka kwa ajili ya ubeti. Pengo lililoachwa na maneno lilihitaji kuzibwa, na lililoweza kuliziba upesi ni sura. Sigara na mikunjo ya uso vikafanya kazi iliyokuwa ya mafumbo. Si haki kumlaumu Bi Kidude kwa hili. Alikuwa mtumbuizaji hodari aliyeijua hadhira yake, na alipoona watu wanatazama kuliko kusikiliza, aliwapa cha kutazama. Lawama ikiwapo, ni ya wale wanaokijua Kiswahili na ambao nao wameridhika kutazama.

Maana taswira iliyotungwa ng'ambo hurudi nyumbani. Kijana wa Mombasa au wa Unguja leo anaitambua sura ya Bi Kidude papo hapo, na anaweza kusimulia habari za sigara yake. Akiulizwa "Kijiti" ni nani, na mashahidi walitendwa nini, aghalabu hana jibu, ingawa Bi Kidude aliuimba wimbo huo na ingawa lugha yake ni lugha ya kijana huyo mwenyewe. Santuri ya mwaka 1928 ilificha uso ikahifadhi hoja; kamera ya miaka ya 2000 imehifadhi uso, na hoja imo hatarini.

6. Hitimisho

Makala haya hayapendekezi picha zifutwe. Picha ni ushahidi, na bila ya kamera mapigo mengi ya Bi Kidude yangalipotea. Linalopendekezwa ni kwamba sura ifanywe sehemu ya matini, na ichambuliwe kwa makini yaleyale yanayotumiwa kwa shairi: nani aliitunga, kwa hadhira ipi, kwa kanuni za mahali gani, na ni maneno gani yaliyokuwa yakisemwa ilipotungwa. Idara za lugha zina wajibu wa pekee katika kazi hii, kwani zina watu wanaoweza kuyaandika maneno ya nyimbo za unyago na za taarabu, kueleza mafumbo yake, na kuyaweka kando ya picha. Makungwi waliojifunza kwa Bi Kidude, au waliocheza ngoma pamoja naye, wanazeeka. Kila anayeondoka bila ya kuandikwa huacha nyuma yake picha isiyokuwa na maelezo chini yake, na kila mtazamaji atajiandikia maelezo ayatakayo.