Poda ya vipele inapogeuka kipimo cha sukari

Hebu itazameni picha hii ya hadubini ya elektroni! Vijiti vya oksidi ya zinki, kila kimoja na pande sita zilizonyooka, vimesimama wima juu ya dhahabu, vimesongamana kama mtama ulioiva. Unene wa kijiti kimoja haufiki hata sehemu ya mia ya unywele. Na kitu chenyewe si kigeni: oksidi ya zinki ndiyo iliyomo kwenye kalamini, ile dawa ya waridi tunayowapaka watoto wenye tetekuwanga.

Namna vinavyooteshwa inafurahisha mno. Nitrati ya zinki, heksamini, maji, joto la sentigredi 90 hivi, saa chache, basi! Joto hilo halifiki hata la chai inayochemka.

Lakini uhondo wote uko kwenye chaji. Uso wa oksidi ya zinki hubaki na chaji chanya mpaka pH ikaribie 9.5. Glukosi oksidesi, kimeng'enya kinachoitambua sukari, huwa na chaji hasi pH ikishapita 4.2 hivi. Damu ina 7.4, katikati kabisa! Vinavutana vyenyewe, na kimeng'enya kinanata vijitini bila gundi kali ya kukidhoofisha. Tangu Leland Clark na Champ Lyons walipotoa wazo la elektrodi ya kimeng'enya mwaka 1962, kukishikiza bila kukiua kumewahangaisha watu. Hapa kinashika chenyewe!

Glukosi ikifika, kimeng'enya huioksidisha, haidrojeni peroksidi huzaliwa, elektrodi huzipokea elektroni zake, na mkondo wa umeme hupanda kadiri sukari ilivyo nyingi. Kwa kuwa vijiti vina uso mkubwa ajabu, vimeng'enya vingi hupata pa kukaa, na tone dogo tu hutoa ishara inayosomeka.

Kasoro ipo: tindikali huvila vijiti, kwa hiyo jasho lenye uchachu ni adui. Vitamini C nayo huongeza mkondo wa uongo, ingawa utando wa Nafion, wenye chaji hasi, huifukuza vizuri.

Na sukari ni mwanzo tu! Urikesi, kimeng'enya cha kupimia asidi ya yuriki kwa wenye jongo, nacho ni hasi kwenye pH ya damu, kwa hiyo kinanata kwenye vijiti hivihivi. Hicho ndicho ninachotaka kukiona sasa hivi!